Kutoa programu ya zamani kwa Python 2 mpaka Python 3 bila kuharibu hesabu za watu

Hii mwongozo naandikia wale wanaangalia kompyuta za vyama vya maziwa, sacco ndogo, mashule na vikundi huku kwetu, kutoka Kisumu, Luanda, Kakamega mpaka Bungoma na Chwele. Mnajua vile inakuwanga. Mtu aliandikia chama programu kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka wa 2012 ama 2013, ikawekwa kwa desktopu ya Windows 7 pale ofisini, mwenye aliandika akapata kazi Nairobi, na mpaka sai hiyo programu ndio inahesabu lita na kutoa malipo ya wakulima kila mwezi. Siku moja mashine inakufa, mnanunua ingine, Python yenye inaingia ni mpya, mnafungua programu inakataa. Ama mbaya zaidi, inakubali, inatoa risiti vizuri kabisa, na hesabu si ile ya kawaida.

Hiyo ya pili ndio naogopa. Programu ikikataa kufunguka utaitengeneza, hakuna mtu ameumia. Lakini lugha ikibadilisha maana ya kitu kidogo tu na programu iendelee kukimbia, mkulima wa Ng'iya analipwa pungufu na hakuna mtu anajua imetoka wapi. Kwa hivyo hapa nitapita haraka kwa makosa yenye yanapiga kelele, nikae sana kwa yale yananyamaza.

Kwanza elewa vile Python inabadilikanga

Guido van Rossum alianza kuiandika mwisho wa 1989 akiwa Amsterdam, akaipea watu 1991. Python 2.0 ikatoka Oktoba 2000. Baadaye wakaona kuna vitu vilikosewa mwanzoni na haviwezi kurekebishwa bila kuvunja programu za watu, wakaamua wavunje mara moja wamalizane nayo, hiyo ndio Python 3.0 ya Desemba 2008. Ya zamani hawakuizima hiyo siku. Walitoa 2.7 mwaka wa 2010, wakasema itaangaliwa mpaka 2015, watu wakawa bado hawajahama, wakasongesha mpaka tarehe 1 Januari 2020. Hebu hesabu, toka 3.0 itoke mpaka 2 ifungwe ni miaka kumi na moja na zaidi, na bado kuna ofisi nyingi zilibaki nyuma, juu hakuna mtu aliwaambia.

Tangu hapo wamebadilisha mwendo. Vasheni mpya inatoka kila Oktoba, na kila moja inaangaliwa karibu miaka mitano halafu inaachwa. Mabadiliko makubwa yanaandikwa kwanza kwa karatasi yenye inaitwa PEP na namba yake, watu wanabishana juu yake hadharani, ikipita ndio inaingia. Ubishi wenyewe unaweza kuwa moto. PEP 572, ile ilileta alama ya := , ilifanya Guido mwenyewe ajiuzulu kuwa mwamuzi wa mwisho Julai 2018, na toka 2019 kuna baraza la watu watano linalochaguliwa na watengenezaji wakuu wa Python.

Kitu yenye itakusaidia zaidi ni kujua kusoma namba. Ukiona 3.12.4, ile 4 ya mwisho ni marekebisho tu ya makosa na usalama, kutoka 3.12.4 kwenda 3.12.7 usiogope, fanya. Ile 12 ya katikati ndio ya kuangalia, hapo vitu vipya vinaingia na vya zamani vinatolewa. Na hiyo ya katikati ni namba nzima, si desimali, yaani 3.10 iko mbele ya 3.9. Nasema hivi kwa sababu kuna programu nyingi zinalinganisha vasheni kama maandishi, na kwa maandishi "3.9" inahesabika kubwa kuliko "3.10", so programu inakwambia Python yako ni ya zamani na kumbe ni mpya. Ukikuta mstari kama huo ubadilishe uwe:

sys.version_info >= (3, 10)

Kitu kikitolewa, mara nyingi kinatangazwa kwanza kwa maonyo, na kawaida onyo linakaa vasheni mbili ama zaidi kabla kitu kiende. Kwa hivyo Python inakuambianga mapema, shida ni kwamba maonyo mengi hayaonyeshwi kwa skrini mpaka uyaitishe. Tutafika hapo.

Hatua ya 1: usiguse kitu, andika uko wapi

Kabla ya yote fanya kopi ya folda nzima ya programu pamoja na data, weka kwa flashi na mahali pengine tena, si kwa hiyo hiyo mashine. Halafu fungua ile dirisha nyeusi ya amri uandike:

python --version

Kama mashine iko na Python kadhaa, kwa Windows jaribu py -0 itakuonyesha zote. Baada ya hapo toa orodha ya laibrari, yaani vipande vya programu vya watu wengine vyenye programu yako inaazima:

python -m pip freeze > orodha.txt

Kama pip, ile chombo ya kuweka laibrari, haiko, na kwa hizo za zamani mara nyingi haiko, fungua kila faili uandike mistari yote ya import kwa karatasi. Ni kazi ya nusu saa, na itakuokoa siku nzima mbele.

Andika pia mfumo wa kompyuta. Windows 7 mwisho wake ni Python 3.8, kuanzia 3.9 haiingii, na 3.8 yenyewe iliachwa Oktoba 2024. So kama bado mko na Windows 7, kazi yenu ni mbili, Python na mfumo. Desktopu ya zamani ikishindwa na Windows mpya, weka Ubuntu, inakuja na Python tayari. Ile 22.04 iko na 3.10, 24.04 iko na 3.12. Lakini tafadhali, kwa Ubuntu usitoe Python yenye ilikuja nayo ati uweke ingine, mfumo wenyewe unaitumia, utaharibu mashine.

Hatua ya 2: tengeneza mtihani kutoka kwa malipo ya kweli

Hii ndio watu wanaruka, na ndio hatua kubwa kuliko zote. Chukua mwezi mmoja wenye ulishalipwa na hakuna mtu alilalamika. Weka pembeni data yake yote yenye iliingia, na yote yenye ilitoka, yaani orodha ya malipo, jumla, makato, risiti. Hiyo ndio jibu sahihi. Kila kitu utabadilisha kuanzia sai, utakimbiza huo mwezi tena ulinganishe.

Chagua mwezi mgumu, wenye kuna mkulima hakuleta maziwa, mwingine alikopa, mwingine jina lake liko na ng', na wenye malipo fulani yalitoka na senti hamsini. Mwezi mlaini hautakuonyesha kitu.

Hatua ya 3: acha Python 2 yenyewe ikuambie

Ukiwa bado na 2.7 inafanya kazi, kimbiza programu hivi:

python -3 malipo.py

Hiyo -3 inafanya 2.7 itoe maonyo ya vitu vingi vyenye Python 3 haitakubali. Halafu juu kabisa ya kila faili weka:

from __future__ import division, print_function

Hapo umevuta tabia mbili za Python 3 ukazileta ndani ya 2.7, unarekebisha ukiwa nyumbani kabla ya kuhama. Mimi napenda sana hii njia juu ukikosea unajua ni hizo mbili tu zimekosewa, si vitu ishirini kwa wakati mmoja. Kimbiza ule mwezi wa mtihani, linganisha, rekebisha, ndio usonge.

Kama mashine ya zamani ilishakufa na huna 2.7, ruka hii hatua, lakini ile ya 5 isome mara mbili.

Hatua ya 4: ingia Python 3, maliza makosa yenye yanapiga kelele

Vasheni gani? Mimi huwa sichukui ile imetoka juzi. Kila Oktoba ikitoka mpya laibrari zingine zinachukua miezi kuifikia, na ukiwa na bando ya kununua hutaki kushusha kitu halafu kikatae. 3.14 ilitoka Oktoba 2025, so mimi nachagua 3.13, ya Oktoba 2024, na itaangaliwa mpaka Oktoba 2029.

Tengeneza chumba chake peke yake, usichanganye na laibrari za programu zingine:

py -3.13 -m venv mpya
mpya\Scripts\activate

Kwa Ubuntu tumia Python yenye iko hapo: python3 -m venv mpya, halafu source mpya/bin/activate. Kwa Ubuntu ikikataa kutengeneza, kuna pakiti ya python3-venv yenye unafaa kuweka kwanza.

Ukishaingia:

python -m compileall .

Hii inasoma faili zote bila kuzikimbiza na kwa kila faili inakutajia mahali pa kwanza sarufi imekataa, so rekebisha uirudie mpaka inyamaze. Utapata print "Jumla" bila mabano, unaweka mabano. Utapata except IOError, e unageuza iwe except IOError as e. Ukimaliza hayo na ukimbize programu utakuta raw_input inakuwa input, xrange inakuwa range, has_key inaenda unaandika in, iteritems inakuwa items. Kulikuwa na chombo kinaitwa 2to3 cha kufanya haya peke yake, kilitolewa 3.13, so ukikitaka itabidi uwe na 3.12 kurudi nyuma. Kinasaidia, lakini usikiamini na pesa.

Halafu utapata import zenye hazipo. Hapa ndio unaona ile mambo ya kila Oktoba. 3.10 ilitoa collections.Mapping, sai iko collections.abc. 3.12 ilitoa distutils na imp. 3.13 ilitoa modyuli 19 kwa mpigo, kati yao cgi, telnetlib na crypt, na kama chama chenu kilikuwa na ukurasa mdogo wa kuangalia salio ulijengwa na cgi, huo utaandika upya na kitu kama Flask, laibrari ya kujenga kurasa za wavuti. Na kama kuna mtu aliita kitu chake async, tangu 3.7 hilo jina ni la lugha yenyewe, badilisha tu jina.

Pia kupanga orodha. Python 2 ilikuwa inakubali kupanga namba pamoja na nafasi tupu, sai sorted inagoma ikikuta None, hiyo nafasi tupu, kati ya namba. Ni vizuri imegoma. Amua wewe, mkulima hana lita ni sifuri ama ni hajulikani, juu hizo si kitu moja.

Hatua ya 5: makosa yenye yananyamaza

Hapa keti chini, funga redio.

Kugawanya. Python 2 ukigawa namba nzima kwa namba nzima ilikuwa inatupa desimali. Tuseme kuna bonasi ya shilingi 45,250 ya watu 400. Kwa Python 2, 45250 / 400 ni 113. Kwa Python 3 ni 113.125. Sasa mwenye aliandika programu labda alijua inatupa, na zile shilingi 50 zinabaki zilikuwa zinaenda kwa akaunti fulani ya chama, ama hakujua. Usibahatishe. Uliza mhasibu walikuwa wanataka gani. Kama walitaka kutupa andika // badala ya / na itabaki 113 kwa vasheni zote. Pitia kila alama ya / kwa programu nzima moja moja, ziko chache kuliko vile unafikiria.

Kukata senti. round(112.5) kwa Python 2 inatoa 113.0. Kwa Python 3 inatoa 112. Hapana, si ugonjwa, waliamua nusu kamili iende kwa namba shufwa iliyo karibu, ndio maana round(113.5) inatoa 114. Kwa takwimu inasaidia, lakini mkulima akiona mwenzake mwenye alikuwa na 113.5 ameongezwa na yeye wa 112.5 amekatwa, utamweleza nini? Kwa pesa wacha round, tumia Decimal:

from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP
Decimal("112.5").quantize(Decimal("1"), rounding=ROUND_HALF_UP)

Hiyo inatoa 113 leo na kesho. Namba iingie kama maandishi, kwa alama za kunukuu, vile imeandikwa hapo, ama iingie chafu.

Kusoma kitu mtu ameandika. Kwa Python 2, input ilikuwa inakurudishia namba ukiandika namba. Kwa Python 3 inarudisha maandishi kila saa. Karani ameandika asubuhi 45, jioni 30, programu inajumlisha asubuhi + jioni, na badala ya 75 inaandika 4530. Haikatai. Lita elfu nne mia tano thelathini kutoka kwa ng'ombe wawili wa Lubao. Weka int ama float kila mahali input inaitisha namba:

asubuhi = float(input("Lita za asubuhi: "))

Orodha zenye zinaisha. Hii ndio fiche kabisa. map, filter na zip kwa Python 2 zilikuwa zinatoa orodha kamili. Kwa Python 3 zinatoa kitu yenye ukishapita ndani mara moja imeisha. So programu inatengeneza malipo = map(hesabu, wakulima), inapita kutoa risiti, zote ziko sawa, halafu inapita tena kujumlisha na jumla ni 0. Ukiona risiti sawa na jumla sifuri, ni hii. Dawa ni kuifunga, malipo = list(map(hesabu, wakulima)).

Majina. Python 3 inatofautisha maandishi na baiti, na ni mabadiliko mazuri kuliko yote walifanya, ata kama yalisumbua watu sana. Lakini kwa Windows, mpaka 3.14, ukifungua faili bila kusema imeandikwa kwa mfumo gani, inachukua ule wa Windows. Kama orodha ilitengenezwa na simu ama Word na ile alama ya ng' ikawa yenye imepinda, Nyang'ori inageuka Nyangâ€™ori kwa risiti, na ukitafuta huyo mtu kwa jina hapatikani. PEP 686 imepanga UTF-8, mfumo wa kuandika herufi wenye unatumika karibu kila mahali sai, iwe ya kawaida kuanzia 3.15. Usingojee, andika mwenyewe:

open("wakulima.csv", encoding="utf-8", newline="")

Ile newline ni ya faili za csv, ukiiacha wakati wa kuandika utapata mistari mitupu katikati ukifungua kwa Excel.

Hatua ya 6: itisha maonyo

Programu sai inakimbia. Kimbiza tena hivi:

python -W default malipo.py

Utaona maonyo yalikuwa yamefichwa. Kwa mfano datetime.utcnow inaonywa tangu 3.12, bado inafanya kazi, lakini usijenge kitu kipya juu yake. Ukitaka kuwa mkali weka -W error na kila onyo litasimamisha programu. Rekebisha yale yanatoka kwa faili zako, ya laibrari za watu wengine apdeti laibrari yenyewe.

Hatua ya 7: kimbiza zote mbili pamoja

Ule mwezi wa mtihani ukitoka sawa, linganisha kwa amri, usitumie macho. Kwa Windows ni fc, kwa Ubuntu ni diff:

fc zamani.csv mpya.csv

Lazima itoke bila tofauti, ata shilingi moja. Kama kuna tofauti na unaweza kuieleza, kwa mfano mhasibu aliamua senti zisitupwe tena, iandike na mwenyekiti atie sahihi kabla ya siku ya malipo. Usiieleze watu wakishalipwa.

Halafu mwezi unaofuata, kama mashine ya zamani ingali hai, ingiza data kwa zote mbili na mlipe kwa ile ya zamani. Ndio, karani atalalamika anaandika mara mbili. Ongea naye vizuri, mpikie chai, ni mwezi moja. Mashine ya zamani kama haipo, mhasibu achague wakulima kumi apige hesabu yao kwa kalkuleta.

Hatua ya 8: achia mwenye atakuja

Kwa folda weka faili ya maandishi inaitwa SOMA.txt. Andika Python vasheni gani na inaachwa lini, orodha ya laibrari na namba zake, mahali bakapu ziko, na yale maamuzi ya pesa kwa lugha ya kawaida: bonasi inakatwa hivi, nusu shilingi inapanda, mkulima hana lita anahesabiwa sifuri. Huo mwezi wa mtihani uache ndani ya folda hiyo hiyo, data na majibu yake, juu ndio mtu ataanza nao 2029 wakati 3.13 inafungwa. Kwa kalenda ya ofisi weka alama kila Oktoba: siku hiyo unatengeneza venv na vasheni mpya, unakimbiza ule mtihani na -W default, unaona ni nini kimevunjika, halafu unafuta hiyo venv. Haina haja uhame kila mwaka. Ukiona mtihani umepita na toleo lako limebakisha chini ya mwaka moja kuachwa, hama hiyo Oktoba, wakati namba za kurekebisha bado ni chache.